Nota za Uongo

Reem binti Turki aliteremka ngazi za ukumbi kwa hasira, kitabu amekikunja mkononi kama mtu anayetafuta nzi wa kumpiga. Kitabu chenyewe kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekiandika nota kwa nota kwenye kompyuta, yeye aliyekipanga kurasa, yeye aliyetoa mfukoni mwake kipigwe chapa, na jalada lilibeba jina la marehemu baba yake kwa herufi kubwa: Bashrafu Saba za Turki. Sasa huko nyuma yake watu walikuwa wanacheka.

Hawakuwa wengi waliocheka. Lakini Msabah alicheka, na Msabah akicheka hahitaji msaada. Alikuwa mpiga udi wa klabu ya taarab ya Bashasha, mahasimu wa klabu ya Sururi aliyoiongoza baba yake Reem, na siku ile alikuja na kanzu yake ya Idi kusikiliza alichofichwa tangu ujanani. Vijana wa darasa la muziki walianza vizuri, wamefungua kitabu mbele yao, macho yamewatoka. Katikati ya bashrafu ya kwanza fidla zote zikapanda juu ghafla, pale ambapo sikio lolote la Unguja lilikuwa linangoja zishuke. Zikahangaika huko juu, zikababaika, halafu zikaporomoka. Watu wakatazamana. Bashrafu ya pili ikafanya vile vile. Kwenye ya tatu mwalimu wao akainua mkono, akasema labda wapumzike kidogo.

"Haya ndiyo aliyotufungia madirisha Turki?" Msabah aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Si bora angetufungulia, tukamsaidia!"

Ukumbi mzima ulishtuka kwa zile nota, isipokuwa mtu mmoja. Mstari wa mbele alikaa Ami Mkadam, mpiga kodiani wa Sururi, wa mwisho aliyebaki hai katika wale waliopiga na Turki. Kofia ameishusha, anatazama viatu vyake. Hakushtuka kwenye ya kwanza wala ya pili. Reem alimwona, na moyo ukampasuka. Mzee yule alikuwa anajua.

Inafaa kueleza kazi ile ilikuwa ya namna gani, isije ikadhaniwa Reem alikuwa mwanamke wa kukasirika bure. Turki alifariki mwaka 1987, Idi ikiwa inakaribia, na kwa Idi hiyo alikuwa ametayarisha bashrafu saba mpya kwa mkupuo mmoja. Bashrafu ni muziki wa kufungulia shughuli, hauna maneno, ala tupu. Klabu nyengine zikitoa moja mpya kwa mwaka zilijiona zimefanya kitu. Basi saba zile hazikupigwa. Turki akazikwa, klabu ikavunjika kwa ugomvi wa nani akalie kiti chake, wapigaji wakafa mmoja baada ya mwengine, na karatasi zikabaki kwenye kasha la mjane wake: ya fidla, ya ganuni, ya udi, ya kodiani, kila ala na yake, zote kwa mkono wa Turki mwenyewe. Mtu wa nje hakuwahi kuzisikia. Mazoezi yalikuwa sebuleni kwa Mkadam, Ng'ambo, madirisha yamefungwa na wapigaji wanatiririka jasho.

Hata Reem hakuzisikia, naye ni mtoto wa nyumbani. Baba yake alimfundisha kusoma nota tangu mdogo, akamsifu kwa wageni, kisha akamkataza kuvuka kizingiti cha sebule ile kwa sababu mpigaji ni mwanamme. Reem alikuwa amekwisha kumsamehe kwa hilo, au alijidhania amesamehe.

Mwaka 2003, Tamim, mwenye duka la kupiga chapa Darajani, alimtilia kwenye kompyuta programu ya kuandikia nota. Reem alikuwa anasomesha hesabu sekondari. Kila jioni akirudi anakaa, anaweka karatasi ya baba yake pembeni, anachukua kipanya, anapachika nota moja moja juu ya ile mistari mitano. Umeme ukikatika kabla hajahifadhi, anaanza upya. Na programu ile ilikuwa na inda. Muziki unakatwa vipande vidogo vidogo kwa mistari ya wima, na kila kipande kina mapigo yake. Ukizidisha pigo moja tu, inakipaka kipande kizima rangi nyekundu na haikuachii mpaka urekebishe. Lakini ilikuwa na tunu moja. Ukibonyeza, inakupigia ulichoandika, kwa sauti ya kinanda cha mtoto.

Ndipo alipovisikia, katikati ya bashrafu ya kwanza, vipande vinne vinavyopanda pale pa kushuka. Alidhani amekosea. Akarudi kwenye karatasi ya fidla, akakuta ndivyo. Ya ganuni, ndivyo. Ya udi, ndivyo. Ala zote zimekubaliana, mapigo yametimia, na programu haikupaka rangi popote. Katika kila bashrafu kulikuwa na mahali kama hapo. Reem akajiambia tatizo ni ile sauti; kompyuta inajua kuhesabu tu, haijui kubembeleza. Zikija fidla za watu, patanyooka.

Hata hivyo hakutaka kuchapisha kitu ambacho hana uhakika nacho. Alizichukua kurasa zote mpaka Ng'ambo kwa Mkadam. Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo inacheza bila ya sauti. Pale penye vipande vile kidole kilisita. Kilisita mara zote saba, na Reem alikiona.

"Ami, hapa mbona pananikera?"

"Ndivyo alivyoandika babaako, mwanangu. Hukukosea hata nukta."

"Basi nichapishe?"

"Chapisha."

Akamwombea dua kabisa. Mkewe, Bi Salhiya, akamtilia chai na kumwambia Turki huko aliko amefurahi. Reem akaondoka na dua yake na chai yake, akampelekea Tamim, Tamim akazipiga chapa na kuzibana vitabu, na sasa Msabah alikuwa na hadithi ya kuhadithia barazani mpaka kufa kwake.

Asubuhi ya pili yake Reem alikwenda Ng'ambo kwa miguu, hakutaka kupanda kitu, alitaka hasira ifike pamoja naye. Alipiga hodi mara moja akaingia. Mkadam alikuwa kitini, kodiani, kile kinanda chake cha kuvuta, mapajani, anaifuta vitufe kwa kipande cha kanga kama afanyavyo kila siku ingawa hakuna aliyekuwa anamwita tena kupiga. Bi Salhiya alikuwa mkekani na ungo, anachagua mchele.

"Shikamoo, Bi Salhiya," alisema Reem. Mkadam hakumpa salamu.

"Marahaba, mwanangu. Kheri?"

"Si kheri. Muulize huyu." Akakitupa kitabu mezani. "Ulijua. Ulikuwa umekaa pale mbele, unaangalia viatu, na ulijua."

"Reem, kaa kitako kwanza," alisema Mkadam.

"Sikai! Nilikuletea kurasa humu humu ndani, nikakuuliza hapa mbona pananikera, ukaniambia chapisha. Ukaniombea na dua! Jana baba yangu kachekwa na Msabah. Na Msabah, Ami! Wewe una nini na mimi? Nimekukosea nini?"

Bi Salhiya aliacha mchele. "Mkewe Tamim kanambia muziki uliharibika. Nikajua ni wale vijana hawajui."

"Vijana hawana kosa," Mkadam alisema, polepole, kama mtu aliyetamani sana wawe na kosa. "Wamepiga kilichoandikwa. Vile vipande si vya kweli. Turki alivitia kusudi."

Akaeleza. Zamani, kabla ya saba zile, karatasi ya bashrafu moja ya Sururi ilitoroka, haikujulikana kwa mkono wa nani, ikafika kwa Bashasha. Bashasha wakaipiga mbele ya watu kabla ya wenyewe. Sururi waliposimama zamu yao kupiga muziki wao, watu wakawazomea, wakawaita wezi. Turki akasema hilo halitatokea tena. Kuanzia hapo kila karatasi akawa anaiandika na vipande vinne vya uongo, na vile vya kweli akiwafundisha wapigaji kwa mdomo, ndani, madirisha yamefungwa. Atakayeiba, aende akajifedheheshe mwenyewe.

"Na mwizi ndiyo mimi," alisema Reem.

Mkadam alirudi kufuta vitufe.

"Bashasha wamekufa wote, kabaki Msabah na meno yake mawili. Sururi hakuna. Baba yangu yuko chini ya mchanga. Mtego umebaki unamngoja nani? Mwanawe!" Alivuta kiti, si kwa kuwa amekaribishwa. Akatoa penseli. "Haya. Nipe vya kweli. Ntafuta hivi, ntaandika upya, ntachapisha upya, na Msabah ntampelekea nakala nyumbani kwake kwa mkono wangu."

"Siwezi."

"Huvikumbuki?"

"Nnavikumbuka vyote."

"Basi?"

Mkadam alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. "Salhiya, hebu kaangalie chungu."

"Chungu gani? Mchele si huu hapa ninao?"

Mzee akaiweka kodiani sawa mapajani. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa babu wa watu wazima, na siku hiyo alionekana kama mtoto aliyevunja kikombe. "Tuliapa," alisema. "Turki alitukusanya hapa hapa, tukaapa kwa talaka."

Reem alikijua kiapo hicho. Nani Unguja asiyekijua? Wanaume wanaapa hivyo sokoni kwa kugombania bei ya jodari, halafu jioni wanakimbilia kwa masheikh kuomba watolewe. Lakini kwa muziki alikuwa hajapata kusikia.

"Mliapa vipi?"

"Kwamba yeyote atakayemwonesha mtu asiyekuwa mpigaji wa Sururi vile vipande vya kweli, basi mkewe kaachika talaka tatu."

"Na baba aliapa?"

"Babaako ndiye wa mwanzo."

Reem alimfikiria mama yake, aliyefua kanzu za mtu yule, akamuuguza, akamlilia, akalihifadhi kasha lake mpaka naye akafa, hana habari kwamba mume alimtundika juu ya uzi mmoja wa fidla. Alitaka kumgombeza baba yake, na baba yake hayupo wa kugombezwa. Hasira yote ikakosa pa kukaa.

"Talaka za nani?" aliuliza Bi Salhiya.

"Salhiya, mambo ya zamani haya."

"Nnauliza. Talaka za nani?"

"Zako."

Ungo ukawekwa chini. "Mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

"Ulikuwa... ulikuwa uani, unatupikia kahawa."

"Nnakupikieni kahawa." Alilitamka hilo kama mtu anayelionja neno kujua limechacha au la. "Nyinyi mmekaa humu ndani na kahawa yangu, mnaweka ndoa yangu dhamana ya fidla. Miaka yote hii mimi ni rehani na sijui! Nnapika nimo rehani, nnalala nimo rehani. Ulipougua ile homa ukaweweseka usiku kucha, mimi nnakufuta jasho, kumbe neno moja likikutoka mbele ya mtu, ni mimi wa kufunga furushi? Mkadam!"

Reem hakuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina. Hata Mkadam alishtuka.

"Nishakwenda kwa sheikh," alisema mzee kwa haraka. "Nilimuuliza. Kasema nikifanya kwa kusudi, kiapo kimepita na wewe umeachika. Ndiyo maana nimenyamaza. Nimenyamaza kwa ajili yako wewe, Salhiya."

"Mwongo."

"Wallahi..."

"Usiape! Umeshaapa kunitosha." Bi Salhiya alikuwa amesimama sasa, mchele umemganda kwenye kanga. "Kumwambia huyu mtoto asichapishe, hilo uliapa? Hukuapa. Ungemwambia tu, mwanangu, hapa pana mtego, acha. Lakini angekuuliza vya kweli viko wapi, ungesema siwezi, angeuliza kwa nini, na mimi nipo hapa nnasikia. Umemwacha akafedheheke mbele ya watu, kwa sababu wewe unaogopa mimi nisijue. Hukunilinda mimi. Umejilinda wewe na Turki wako."

Hiyo ilikuwa kweli.

Hapo Reem angepaswa kuondoka. Alilijua hilo wakati ule ule, hakungoja kuja kulijua baadaye. Alikuwa anaona kinachovunjika mbele yake. Lakini macho yake yakaenda kwenye kitabu pale mezani, na kifua cha mzee kilikuwa kinakoroma kila anapovuta pumzi, na hakuna mtu mwengine duniani mwenye vipande vile. Mzee huyu akifa navyo, uongo ndio utakaobaki, na jina la baba yake juu yake. Akabaki kitini. Alijichukia kwa kubaki, na akabaki.

"Mbona hiyo bashrafu ya mwisho mimi naijua," alisema Bi Salhiya ghafla. "Unaiimba bafuni."

Mkadam akabadilika rangi. "Sikukuimbia wewe!"

"Mlango wa bafu mbao, bwana. Kama kusikia ndiyo kuoneshwa, basi nshaachika zamani, na wewe umekaa unakula chakula cha mwanamke wa watu. Mimi sikuapa. Sikia, Reem."

Akaanza kuimba puani, macho chini, kwa sauti isiyokuwa na mafunzo yoyote. Kipande cha kwanza. Cha pili. Muziki ukashuka pale ulipopaswa kushuka, mpole, hauna haraka, na Reem nywele zikamsimama. Hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa kichwani mwake. Penseli ikaanza kwenda. Kwenye cha tatu Bi Salhiya akapotea. Akapandisha, akarudi, akapandisha tena. Alikuwa hajui.

Mkadam alifumba macho kama mtu anayekandwa jipu.

Bi Salhiya akajaribu mara ya pili, akaharibu zaidi.

Mzee akafumbua macho. Alimtazama mkewe. Akaitazama penseli ya Reem. Akamtazama mkewe tena, na hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemshika mkono.

"Si hivyo," alisema. "Inakwenda pembeni kwanza, halafu ndiyo inashuka. Hivi."

Akaivuta kodiani. Vipande vinne vikatoka, vizima, safi, mchana kweupe, jirani anatwanga na dirisha liko wazi. Vilikuwa vizuri kiasi cha kumuudhi mtu. Kilipokwisha cha nne, vidole vya mzee vikabaki juu ya vitufe.

"Salhiya. Sikukusudia."

"Umekusudia. Nlikuwa nnakutazama. Umenitazama mimi, umemtazama yeye, ukapiga."

Reem alitazama mkono wake. Ulikuwa umeandika vyote vinne, nota kwa nota, juu ya vile vya uongo, haukukosea. Hakuukataza. Alikuja kumgombeza mtu kwa kuupenda muziki kuliko watu, na penseli alikuwa nayo yeye.

"Bi Salhiya," alisema, "mimi ntaondoka. Twende kwa sheikh, sote watatu, labda..."

"Kaa." Bi Salhiya alikung'uta mchele kwenye kanga. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo ilipotisha. "Kaa, andika. Tatu ni tatu, hazizidi. Mpe na hizo sita zilizobaki."

Akaingia ndani. Kabati likasikika likifunguliwa.

Machozi yalimtoka Mkadam yakapita kwenye ndevu, hakuyafuta. Kisha akasema, "Ya kwanza. Andika," akavuta kodiani. Reem akafungua ukurasa, akafuta, akaandika. Ya pili. Ya tatu. Mzee hakuwa anababaika, alikuwa anapiga kama aliyefunguliwa kamba, na kila kipande kilipotoka Reem alizidi kuwakasirikia Turki, na Msabah, na wanaume wote waliokunywa kahawa sebuleni humu, na nafsi yake mwenyewe, kwa sababu kila kimoja kilikuwa kinastahiki kuandikwa. Hata kimoja hakikumpa sababu ya kuiweka penseli chini.

Walikuwa kwenye ya sita Bi Salhiya alipotoka, amevaa buibui, furushi mkononi.

"Eda yangu ya talaka ntakaa Bwejuu kwa kaka yangu," alisema, akimwambia Reem. "Atakayeniuliza, mwambie niko huko."

Mkadam akaachia mikono. Kodiani ikatoa pumzi ndefu katikati ya kipande, ikanyamaza.

Bi Salhiya alikuwa ameshafika mlangoni, anavaa viatu. Hakugeuka.

"Usiikatize," alisema. "Piga. Nshailipia mimi hiyo."